Mtamba wa Suluhu

Ilikuwa mwaka 1988, mwezi wa Agosti, wakati ngano ya shamba la serikali ilipokuwa imekwisha kuvunwa na tambarare yote chini ya Mlima Hanang imebaki mabua makavu na vumbi. Hermani Sulle alikuwa amechuchumaa nyuma ya nyumba yake katika kambi ya wafanyakazi, akikama ng'ombe kwa mkono mmoja.

Alikuwa amejibunia namna yake. Kopo alilibana katikati ya magoti. Kamba ya ndama aliizungusha mara tatu kwenye mkono wa kulia, chini kidogo ya kiwiko, karibu na pale mkono ulipokatikia, kisha akaikaza kwa meno, ili ndama asimfikie mama yake kabla ya wakati. Mkono wa kushoto ndio uliokama. Kila ndama alipovuta, kigutu kiliuma hadi begani, naye Hermani aliacha kukama, akangoja maumivu yapite, akaendelea.

"Umepata kiasi gani?" mkewe Konsolata aliuliza kutoka mlangoni. Alikuwa amembeba Bernadina, binti yao, ambaye alikuwa ameachishwa kunyonya mwezi uliotangulia.

"Nusu kopo."

"Inamtosha. Nenda sasa. Yule wakala wa fidia hakawii kufunga ofisi."

Hermani aliingia ndani, akatoa karatasi mbili chini ya godoro. Ya kwanza ilikuwa barua ya shamba iliyomtaka ahame nyumba ya kambi ifikapo tarehe thelathini Septemba, kwa kuwa hakuwa tena mfanyakazi. Ya pili ilikuwa barua ya suluhu, yenye muhuri wa kijiji. Ile ya kwanza aliikunja mara nne. Ile ya pili aliikunja mara moja tu, asije akauharibu muhuri.

Mkono wake ulikuwa umekatika mwaka uliotangulia, katika mavuno ya Julai. Alikuwa msaidizi kwenye kombaini, na kazi yake ilikuwa kuondoa mabua yaliyokwama. Kifuniko cha mkanda wa mashine kilikuwa kimevunjika tangu msimu wa nyuma, na kipuri hakikuja. Siku hiyo mabua yalikwama, injini ikazimwa, Hermani akaingiza mkono. Ng'ambo ya shamba, msimamizi aliyekuwa ndani ya gari aliona kombaini imesimama, akapiga honi mara mbili. Honi mbili maana yake ni kuendelea na kazi. Gidamis, dereva, hakuweza kuona nyuma ya mashine. Aliwasha.

Hermani alipotoka hospitalini, Gidahosh, baba yake Gidamis, alikuja kambini na wazee wawili, akimswaga mtamba mwenye mimba. Wakati huo boma la Gidahosh lilikuwa limekwisha kuhamishwa mara mbili ili kupisha shamba, na ng'ombe wake walikuwa wamepungua hata watoto waliweza kuwahesabu. Wazee wa Hermani walitoka Endasak kwa miguu. Walikaa kutwa nzima. Mwishowe Gidahosh alikipaka kile kigutu samli, akasema: "Mwanangu amekula mkono wako. Ng'ombe huyu ndiye mkono." Katibu wa kijiji aliyaandika yote hayo kwa mwandiko safi, akamalizia hivi: Jambo hili limekwisha. Hakuna anayemdai mwenzake. Kisha akagonga muhuri.

Lakini shamba lilikuwa halijatoa kitu. Fidia ya mkono, kwa hesabu iliyobandikwa ukutani mwa ofisi ya shamba, ilikuwa shilingi elfu thelathini na sita. Kwa fedha hizo Hermani angeweza kununua mabati na kujenga vyumba viwili Endasak, kwenye kipande cha ardhi alichogawiwa na kaka yake. Bila fedha hizo hakuwa na mahali pa kumlaza mtoto mwezi wa Oktoba. Zamani madai ya namna hiyo yalishughulikiwa na mzee Ignasi, karani wa shamba, aliyemjua kila mfanyakazi pamoja na mkewe. Tangu mwezi wa Januari kazi hiyo ilikuwa imekabidhiwa wakala kutoka Arusha, Bwana Lukasi, aliyekuja Alhamisi moja kwa mwezi na kukaa katika ghala la zamani la mbolea.

Mzee Ignasi alikuwa amesimama mlangoni pa ghala, akiwaita watu kwa zamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Hermani. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Anakunywa maziwa kama ndama."

"Vema. Ingia, zamu yako imefika."

Bwana Lukasi alikuwa kijana mwenye shati jeupe lililopigwa pasi, na leso aliyojifunika puani kwa sababu ya harufu ya mbolea. Hakumwalika Hermani kuketi. Kiti kingine hakikuwapo.

"Dai namba kumi na saba. Mkono," alisema, akifunua jalada. "Taarifa ya ajali iko wapi?"

"Aliiandika mzee Ignasi, bwana. Niliiona."

"Niliiandika kwa nakala tatu," alisema Ignasi kutoka mlangoni.

Bwana Lukasi hakugeuka. "Mzee, chai yangu imepoa."

Ignasi alikuja, akachukua kikombe, akatoka.

"Katika majalada niliyokabidhiwa hamna taarifa," wakala aliendelea. "Kwa hiyo mimi sijui kama ajali ilitokea. Mkono unaweza kukatikia popote."

Hapo Hermani aliona kwamba amefanya vizuri kuja na barua ya suluhu. Aliitoa mfukoni, akaikunjua juu ya meza kwa uangalifu, akaigeuza ili muhuri umkabili wakala.

"Ajali imeandikwa humo, bwana. Siku, mahali, na majina ya waliokuwapo."

Bwana Lukasi aliisoma. Akairudia tangu mwanzo. Aliiondoa leso puani.

"Nani aliandika hii?"

"Katibu wa kijiji. Muhuri huo ni wa kweli."

"Ninauona. Ni muhuri mzuri sana." Aliweka kidole juu ya karatasi. "Hapa wanasema ulipokea ng'ombe."

"Ndiyo, mtamba. Amekwisha kuzaa."

"Hongera. Na hapa chini wanasema jambo hili limekwisha, hakuna anayemdai mwenzake. Sasa wewe umekuja kudai nini?"

Hermani alitazama kidole kile. "Hayo ni baina ya koo mbili, bwana. Shamba halikuwamo katika kikao. Shamba halikutoa hata mbuzi."

"Uliumia mikono mingapi?"

"Mmoja."

"Basi umelipwa mmoja. Mimi sina kifungu cha kulipia mkono uliokwisha kulipwa." Alilifunga jalada, kisha akalifungua tena, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo. "Njia ipo. Mrudishe huyo ng'ombe kwa mwenyewe. Niletee karatasi yenye dole gumba la mzee huyo, kwamba amempokea. Hapo dai lako litakuwa hai."

"Ng'ombe wa suluhu harudishwi, bwana."

"Basi kaa naye." Alichukua kalamu. "Nijaze maelezo kabisa, nisije nikakusumbua mara mbili. Injini aliiwasha nani?"

"Gidamis, mwana wa Gidahosh. Lakini aliiwasha kwa honi ya msimamizi, na kifuniko cha mkanda kilikuwa—"

"Nimeuliza nani. Sikuuliza kwa nini."

Aliandika mstari mmoja, akamsogezea kibweta cha wino. Hermani, aliyesoma hadi darasa la nne, aliinama ausome ule mstari, lakini wakala alikuwa ameufunika kwa kiganja. Alibonyeza dole gumba la mkono wa kushoto. Barua ya suluhu ilibaki ndani ya jalada.

Nje, mzee Ignasi alikuwa akipuliza moto chini ya birika.

"Mzee, nikimrudisha yule ng'ombe, atanilipa?"

Ignasi alifikicha macho kwa sababu ya moshi. "Huyu hulipwa na shirika la shamba kwa kila jalada analolifunga, Hermani. Akikulipa, limefungwa. Akikunyima, limefungwa vilevile. Zamani ungeniuliza, ningekujibu. Siku hizi ninafungua mlango na kuchemsha chai."

Kwa siku nne Hermani hakumrudisha ng'ombe. Siku ya tano watu wa shamba walipita kambini na chokaa, wakaandika namba kwenye milango ya nyumba zitakazohamwa. Mlango wake ulipewa namba tatu.

"Muulize huyo wakala kama ana mtoto," Konsolata alisema jioni hiyo.

"Tutalala wapi mwezi wa kumi?"

"Sijui. Na Bernadina atakunywa nini mwezi huu?"

"Nikilipwa, tutanunua mwingine."

Kulipopambazuka Konsolata alimkama ng'ombe mwenyewe, kwa mikono miwili, hadi tone la mwisho. Akamnywesha mtoto. Kisha aliuosha mtungi wa maziwa, akaufudikiza juu ya jiwe, kinywa chini, kama chombo ambacho hakitahitajika.

Boma la Gidahosh lilikuwa mwendo wa saa moja kwa kukata shamba. Hermani alikwenda kwa saa tatu, akizunguka kingo zote, kwa sababu walinzi walitoza faini mifugo iliyokanyaga hata mabua. Ng'ombe alitangulia, alikuwa ameitambua njia. Ndama alifungwa kamba, na kamba ilizungushwa mkononi mwa Hermani kama kila siku, mara tatu, fundo limekazwa kwa meno. Ndama alivuta njia nzima. Walipofika, ngozi ilikuwa imechubuka.

Gidahosh alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya lango la miiba. Gidamis alikuwa nyuma yake, ameegemea ua, akitazama pembeni. Alikuwa amevaa vazi la kazi la shamba, lakini hakwenda kazini, ingawa ilikuwa Jumatano na jua limekwisha kupanda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umewaleta mama na mtoto watusalimu?" Mzee alicheka kidogo, akimtazama ndama. "Amekua. Mkeo ni mvivu wa kukama."

"Nimekuja kumrudisha, baba."

Kicheko kilikatika. Mzee alimtazama kwa muda mrefu, si usoni, bali kwenye kigutu.

"Je, mkono umeota?"

"Haukuota."

"Basi mbona ng'ombe amerudi?"

Hermani alieleza habari za wakala, jalada na dole gumba. Alipokuwa akieleza, aliona kwamba Gidamis hatazami pembeni tena. Alipomaliza, Gidamis alitoa bahasha mfukoni, akamkabidhi.

"Isome. Mimi nilisomewa."

Ilikuwa barua ya shamba, ya tarehe ileile ya Alhamisi. Ilisema kwamba, kwa ushahidi wa majeruhi mwenyewe, ajali ilisababishwa na uzembe wa dereva. Kwamba dereva ameachishwa kazi. Na kwamba fidia ya majeruhi, endapo atastahili, italipwa kutokana na mafao ya dereva, na shamba halitadaiwa zaidi ya hapo.

"Mafao yangu ni shilingi elfu nne na mia mbili," alisema Gidamis. "Ndizo utakazopewa. Uliwaambia nini?"

"Niliwaambia habari ya honi. Niliwaambia habari ya kifuniko."

"Humo mna honi?"

Hermani aliisoma barua tena. Honi haikuwamo. Aliikunja, akairudisha kwa mwenyewe.

"Baba," alisema, "basi niruhusu nirudi naye. Niliyoyasema yawe kama hayakusemwa."

Gidahosh alitikisa kichwa. Hakuwa na hasira. "Umeyasema mbele ya lango, na ng'ombe amesikia sauti ya wenzake. Aliyerudishwa hatolewi tena. Samli niliyokupaka nayo imekauka. Sasa wewe na huyu mmekuwa kama siku ile ya mashine." Alinyoosha mkono. "Lete karatasi yako."

"Haina kazi tena, baba."

"Uliijia. Ilete."

Hermani aliitoa ile karatasi ya kumpokea ng'ombe, iliyokwisha kuandikwa. Wino haukuwapo. Mzee aliinama, akachovya dole gumba katika mavi mabichi ya ng'ombe, akalibonyeza chini ya jina lake, akapuliza ili likauke. Kisha aliuvuta mti wa lango. Ng'ombe aliingia bila kugeuka. Ndama alimfuata mbio, mpaka kamba ilipokaza, naye Hermani akayumba mbele hatua mbili.

"Ndama ameingia," alisema Gidahosh. "Kamba nayo ni yangu. Nilimtoa mama yake nayo."

"Ndiyo, baba. Ni yako."

Hermani alipiga magoti. Fundo lilikuwa limekazwa kwa mwendo wa saa tatu, na vidole vya kushoto havikuliweza. Aliinamisha kichwa, akaling'ata. Kamba ilikuwa na ladha ya vumbi na damu. Gidamis alipiga hatua moja, kisha akasimama, mikono yake miwili ikining'inia kando ya vazi la shamba, na baba yake hakumwambia aende wala abaki. Ndama alivuta. Fundo lililegea, mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu. Hermani aliifuta kamba kwenye suruali, akaikunja, akaitoa kwa mkono wa kushoto. Na kwa kuwa heshima haimruhusu mtu kumkabidhi mzee kitu kwa mkono wa kushoto peke yake, alikitegemeza kigutu chini yake.

Gidahosh aliipokea.