Damu ya Mutsamudu

Kingamwili iliyobaki ilitosha kupima mara mbili tu. Rahmati akaitumia mara ya kwanza katika maabara ya Moroni, mwenzake Fahami, mzaliwa wa huko, akimtazama. Kazi ya kingamwili hiyo ni kuinasa protini inayonusa vijidudu kabla mwili haujapata habari. Ikiinasa, mstari mweusi hujitokeza kwenye utando. Isipoinasa, hubaki peupe.

Damu ya watoto wa Moroni ilitoa mistari. Ya watoto wa Mutsamudu, vichupa arobaini alivyokusanya miaka miwili kwa ajili ya shahada yake ya uzamivu, haikutoa hata alama.

"Lo! Kumbe mmejitenga mpaka kwenye damu!" Fahami akacheka. "Andika, dada. Shahada hiyo unayo mkononi."

Rahmati hakucheka. Mwaka ule wa 2000 Ndzuani, kisiwa cha Mutsamudu kilichojitenga na serikali ya Moroni, kilikuwa kimewekewa vikwazo, na wenye hamu ya kusoma sentensi kama hiyo walikuwa tele, huku na huko. Lakini kilichomkera ni friza. Wiki tatu nyuma, kabla hajapanda boti bandarini Mirontsy kuja Moroni na sanduku lake la barafu, jirani na maabara yake ya Mutsamudu palitokea msiba. Umeme hakuna mji mzima. Friza yenye jenereta ni hiyo moja. Mzee Bacar, mlinzi, angewaambiaje wafiwa nyama ya hitima ioze? Akavitoa vichupa, akaweka nyama, asubuhi akavirudisha, kisha akaja kumwambia kwa fahari: "Hata kimoja hakikupotea, mwanangu."

Naye akamshukuru! Akajidanganya kuwa damu haikuyeyuka, ilhali ikiyeyuka protini ile huharibika.

Sasa aliogopa, tuseme ukweli. Akinyamaza, ana shahada. Akipima tena, huenda asibaki na kitu.

"Nitoe damu," akamwambia Fahami, akipandisha mkono wa gauni. "Mimi ni wa Mutsamudu kwa baba na kwa mama. Na wewe utoe yako."

Kesho yake mistari miwili ilikaa bega kwa bega, myeusi tii, unene mmoja. Fahami aliitazama, mzaha ukamwishia.

Rahmati akaleta vichupa vyake, akavifungua kimoja kimoja, akamwaga damu kwenye ndoo ya dawa mpaka cha mwisho.

"Arobaini," akasema. "Hata kimoja hakikupotea."