Kilichobaki Nje ya Mkanda

Mkutano ulifanyika Agosti 1974, katika kijiji kilicho mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka stesheni ya Kigwa. Khole binti Nabhan, mtangazaji wa redio, aliweka kinasa sauti juu ya sanduku, akapachika mkanda mpya, akaelekeza kipaza sauti kwa Ndugu Yoramu, ofisa wa uhamisho. Yoramu alieleza kwamba kabla ya mvua kaya zote zitahamia kando ya barabara kuu. Shule itakuwa huko. Zahanati itakuwa huko. Kuhusu maji hakusema neno, na kisima pekee kisichokauka kiangazi kilikuwa hapa.

Mzee Ngollo, msemaji wa kijiji, alisimama.

"Tumekusikia, ndugu yetu. Umetoka mbali kwa ajili yetu. Tunakushukuru sana."

Kisha akakilaza kigoda chake kiubavu juu ya mchanga. Watu wote wakalaza vyao. Hapakusikika kitu. Kijijini hapo mgeni hakataliwi kwa maneno. Hushukuriwa, na vigoda hulazwa. Khole alilijua hilo. Babu yake alikuwa akija huku kununua nta na asali, na mara nyingine alirudi kwao Kanyenye, mjini Tabora, mikono mitupu, akiwa ameshukuriwa vizuri kabisa. Yoramu, mtu wa Upare, alikuwa tayari anafunga mkoba wake.

"Shikamoo, babu," Khole alisema huku akikunja waya.

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeviona vigoda?"

"Nimeviona."

"Na chombo chako kimeviona. Vizuri. Nilitaka kutuma vijana wawili Tabora wakaonane na wakubwa. Sasa wapumzishe miguu. Chombo hiki kitafika mbele yao."

Yoramu alipiga honi. Khole alisema, "Inshallah, babu," akapanda gari.

Khole alikuwa amesoma falsafa Chuo Kikuu. Katika mtihani wake wa mwisho aliandika kwamba chombo cha habari si mfereji unaopitisha maji jinsi yalivyo. Kila chombo huchagua. Maandishi huiacha sauti, na sauti huuacha mwili. Alisifiwa kwa jibu hilo. Sasa, katika chumba cha kuhariri mjini Tabora, alilisikia kwa masikio yake: shukrani za Ngollo, kimya kirefu, kisha mkoba wa Yoramu ukifungwa.

Anselm, mkuu wa kipindi, alichukua mkasi.

"Kimya hiki tunakikata. Msikilizaji atadhani betri zimekwisha."

"Kimya hicho ndicho jibu, Bwana Anselm. Wamekataa."

"Wamekataa wapi? Mimi nasikia shukrani."

"Walilaza vigoda."

"Haya, mwanafalsafa, hebu nisikilizishe kigoda kimoja kilicholala."

Fundi mitambo alicheka. Khole hakucheka.

"Basi niseme mimi baada yake. Nieleze."

Anselm aliweka mkasi chini kidogo. "Fikiri, dada. Ukisema wewe, ni maoni ya binti wa Kanyenye. Akisema yeye, ni ushahidi. Ofisini wataamini lipi?"

Kilichomtisha Khole ni kwamba Anselm alikuwa sahihi. Mashine ilikuwa imeifanya sauti ya mzee iaminike kuliko mzee mwenyewe.

Kipindi kilirushwa Alhamisi. Baada ya "tunakushukuru sana" iliingia ngoma.

Ijumaa Khole alipanda treni hadi Kigwa, kisha akatembea na mashine begani. Barabarani palikuwa na alama mpya za matairi. Kijijini malori yalikuwa yamefika, na nyasi za paa la kwanza zilikuwa chini. Lakini watu hawakuwa wameyazunguka malori. Walikuwa wamemzunguka Ngollo.

"Sote tumekusikia redioni," mwanamke mmoja alisema. "Ulishukuru, wakapiga ngoma. Ulikubaliana nao nini?"

"Mlikuwapo! Mlilaza vigoda pamoja nami!"

"Tulilaza, ndiyo. Redioni hatukusikia kimya chetu. Huo ni mkutano mwingine, mzee. Uliufanya bila sisi, na nani?"

Yoramu alijipenyeza katikati yao. "Mzee wangu, unaikana sauti yako mwenyewe?"

Kukana neno la mtu mwingine Ngollo alijua kunavyofanywa; kulikana lake mwenyewe hakujua.

Khole aliharakisha kufungua mkoba wa mashine. "Babu, sema sasa. Sema kwa maneno kwamba mnakataa, kwamba huko hakuna maji. Nitaupeleka mkanda mjini leo hii."

Mzee aliutazama mkanda ukianza kuzunguka.

"Nikisema, watakata wapi?"

Khole alitaka kusema kwamba hawatakata. Akaukumbuka mkasi wa Anselm.

Ngollo akaondoka, akaenda kwa mkewe Ng'washi, aliyekuwa akifunga mitungi kwa kamba. Alimwinamia akamwambia jambo, kiganja kimeziba mdomo wake. Ng'washi alimtupia jicho Khole na mkanda uliokuwa bado unazunguka. Kabla ya kumjibu mumewe, naye akaziba wake.