Watoto wa Njiani

Ukilifungua daftari la uzazi la zahanati yetu, utaona kwamba mwaka jana watoto kumi na tisa wa kijiji hiki walizaliwa njiani. Utatuonea huruma. Utasema masikini, hawa watu wa delta, wamezungukwa na maji, mtumbwi hauendi mpaka maji yajae, mwanamke atafikaje kwa nesi? Huruma hiyo kaa nayo. Njia yenyewe ni hatua themanini. Nimezihesabu mwenyewe, kutoka jikoni kwa Bi Zabibu mpaka mlango wa zahanati, nikiwa na tumbo la miezi minane.

Mambo yalikuwa hivi. Kijiji kilipitisha sheria: anayezalia nyumbani anaitwa kwa mtendaji kujieleza, yeye na mkunga wake. Aliyezidiwa njiani hana kosa. Basi mwanamke akishikwa na uchungu alikwenda kwa Bi Zabibu, dada yake mama yangu, ambaye nusu ya kijiji imepitia mikononi mwake. Nyumba yake iko nyuma ya zahanati. Pale mtu alipiga magoti juu ya mkeka, akamkumbatia shingoni ndugu yake, akazaa kwa utulivu. Mtoto akishalia, tunatoka mbio na kanga zetu zimelowa, tunabisha zahanati: "Hodi, nesi! Kazaa njiani!" Kadi ya mtoto inaandikwa, na mtendaji hana la kusema.

Utauliza kwa nini tusizalie zahanati. Mimi nilizalia, mtoto wangu wa kwanza. Nesi wa wakati ule, Mungu amsamehe huko alikohamishiwa, alimfukuza mama mkubwa Zabibu mlangoni kama kuku. Akanilaza chali kwenye kitanda cha chuma, miguu juu, nimeelekea mlango ambao kila mpita njia anaufungua. Nilipotaka kugeuka nipige magoti, akanizaba kofi la paja.

"Siku ya kuitafuta mimba mbona hukupiga kelele?" akaniambia.

Nikaapa sirudi. Wa pili nikamzalia jikoni, nikaandikwa wa njiani kama wenzangu.

Kisha akaja nesi mwingine, Theopista, kutoka Karagwe huko, mpole, mtu wa kuuliza watoto wameamkaje. Kofi hakuna. Lakini kitanda kilikuwa kile kile, mlango ule ule, na msindikizaji alisubiri nje kwa sababu ndivyo Theopista alivyofundishwa chuoni. Tukampenda, na tukaendelea kumdanganya.

Sasa nifike kwenye lile ninaloliogopa. Masika ya mwaka jana mdogo wangu Warda alijifungua jikoni kwa mama mkubwa, mtoto wa kiume, salama kabisa. Tukacheka. Halafu damu ikaja na haikukata. Mama mkubwa alimkanda tumbo, akamkanda, mpaka nikaona uso wake umebadilika, nikajua hajui la kufanya. Tukambeba Warda juu ya mkeka ule ule, hatua themanini. Theopista alimdunga sindano, akamtundikia maji, akapiga simu hospitali ya Kibiti. Warda alikata roho kabla ya adhuhuri.

"Damu ilianza kutoka wapi?" Theopista aliuliza, kalamu mkononi.

Mama mkubwa alinitazama. Nikajibu mimi, kwa mdomo wangu huu: "Mtumbwini. Tulikuwa tunatoka shambani, ng'ambo."

Akaandika huku analia. Mtoto wa Warda, tuliyempa jina Zaidi, nakaa naye mimi, na mimi ndiye anayemwita mama.

Mwaka huu, wakati wa kuvuna mpunga, mimba yangu ya tatu ikiwa na miezi minane, nilikwenda kliniki nikamkuta Theopista anang'aa.

"Salama! Tumepata boti!" akaniita kwa jina kabla sijaketi. "Ya injini, ya wagonjwa. Itakaa gatini Mbuchi. Nimeandika barua saba, na katika zote nimemtaja marehemu mdogo wako. Hakuna mama mwingine atakayefia mtumbwini."

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakapata moto. Mume wangu Saidy anasema mimi nina hasira za karibu, na ni kweli, lakini siku ile sikujua namkasirikia nani. Sasa najua. Nilijikasirikia mwenyewe.

"Hiyo boti itapita wapi, nesi?" nikamuuliza. "Hapo katikati ya jiko la Bi Zabibu na mlango wako?"

Hakuelewa. Nikamweleza yote: magoti, mkeka, sheria ya mtendaji, watoto kumi na tisa. Nikamweleza na Warda. Nilipomaliza alikuwa amekaa kwenye kile kitanda cha chuma, miguu inaning'inia.

"Hatua ngapi?"

"Themanini."

"Salama, sindano ile inatakiwa dakika ya kwanza!" Hapo akapandisha sauti, mara ya kwanza tangu nimjue. "Dakika ya kwanza, siyo baada ya mtu kukandwa mpaka amekauka! Nilikuwa hapa! Nilikuwa hapa nafuta vumbi kabatini, mwenzenu anamwaga damu nyuma ya ukuta wangu!"

"Ndiyo maana nimesema," nikamjibu, na mimi nalia. "Nataka sindano yako na nataka mkeka wa mama mkubwa. Vyote viwili, chumba kimoja. Nimechoka kuchagua kati ya heshima yangu na roho yangu. Wenye akili gani waliotupangia uchaguzi huo?"

Theopista akafungua kabati akatoa kitabu cha mwongozo cha wizara, kimenyooka kama kilivyotoka kiwandani. Akapekua.

"Inaruhusiwa," akasema polepole. "Mama achague mkao wake. Achague na wa kumshika. Imo humu. Tatizo ni mimi. Sijawahi kumzalisha mtu aliyepiga magoti. Sitajua nishike wapi."

"Yupo anayejua."

"Na mtendaji?"

"Mtendaji alizaliwa kwenye mkeka ule ule. Mwachie mama mkubwa."

Kwa mama mkubwa nilidhani itakuwa rahisi. Wapi! Aliposikia nimemwambia nesi yote, aliacha kupepeta mchele akaweka ungo chini.

"Umenimaliza, mwanangu. Wewe nawe. Watakuja kunifunga."

"Uongo niliusema mie, mama mkubwa. Wakija wanifunge mie."

"Na pale siendi. Mie nilifukuzwa pale kama kuku."

Wanawake nao wakaninunia. Kisimani walinipa mgongo nikifika. Mmoja akasema kwa sauti nisikie kwamba nimewauza. Nikamwambia afadhali niwauze kuliko niwazike, na kama ana la zaidi alete.

Siku ya nne Theopista alikwenda mwenyewe kwa mama mkubwa. Nilikuwepo. Alivua viatu mlangoni, akampa shikamoo, akaketi chini.

"Bibi, nimekuja unifundishe," akasema.

Mama mkubwa akanigeukia mimi: "Haya, piga magoti. Nesi aone."

Mchana kutwa walinigeuza mimi na tumbo langu kama mfuko wa mpunga. Mkono huku, siyo pale. Goti moja mbele mzazi akichoka. Theopista alikuwa anaandika kwenye kijidaftari, na kila kitu alichoeleza yeye cha sindano na damu, mama mkubwa alimrudisha akieleze tena.

Uchungu ulinishika wiki tatu baadaye, asubuhi, nikijiandaa kwenda kuvuna, mundu mkononi. Saidy alitaka kunibeba. Nikakataa. Niliwataka wanione wote, hata waliokuwa wameninunia, kwamba sikukimbilia jikoni kwanza. Nilipita mbele ya nyumba ya mama mkubwa, yeye akatoka na mkeka wake kwapani, tukazitembea zile hatua pamoja, tukisimama kila uchungu unapokuja.

Ndani, kitanda kilikuwa kimesukumwa ukutani. Mlangoni palining'inia kanga mbili. Theopista alitandika plastiki, mama mkubwa akatandika mkeka juu yake, wakatazamana kama watu wanaotandika kitanda cha mgeni. Nikapiga magoti. Nikamshika mama mkubwa shingoni, harufu yake ya moshi na mafuta ya nazi ikanituliza. Theopista alikuwa nyuma yangu, naye amepiga magoti, glavu mkononi.

"Usimvute," mama mkubwa akamwambia juu ya bega langu. "Mngoje. Mkono chini. Hivyo hivyo. Sasa."

Mtoto wa kike. Akalia kabla hajafika chini.

Na kabla sijageuka kumtazama, Theopista alikwishanidunga sindano pajani, paja lile lile la kofi. Kondo likatoka. Damu ikaja kidogo, ikapungua, ikakoma. Mama mkubwa aliitazama mpaka ilipokoma, hakupepesa.

"Ndiyo hiyo?" akauliza.

"Ndiyo, bibi."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Mama mkubwa akaokota kile kichupa kitupu cha dawa. Kilikuwa kidogo kuliko kidole chake cha mwisho. Alikigeuza, akakigeuza, kisha akaketi chini sakafuni na kulia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi. Tulimwacha alie. Mimi nilikuwa na mtoto kifuani.

Alipomaliza alijifuta kwa upindo wa kanga.

"Lete daftari," akamwambia Theopista. "Siyo la leo. Fungua la Warda."

Theopista akalifungua.

"Pameandikwa nini?"

"Mtumbwini."

"Futa."

"Hili halifutwi, bibi. Napiga mstari, naandika juu yake, na anayesahihisha anatia saini."

"Basi piga mstari. Andika jikoni kwa Zabibu. Andika na hatua, ziko ngapi, huyu anajua."

Theopista akaandika. Mama mkubwa hajui kusoma. Akapaka wino kwenye kidole gumba, akakikandamiza pale alipoonyeshwa. Nikasema niletewe na mimi, maana uongo ulikuwa wangu, nikatia saini nikiwa nimelala, herufi zimepinda. Nilidhani yamekwisha. Theopista akaichukua kalamu, akatia na yake chini ya zetu.

"Wewe kosa lako lipi?" nikamuuliza.

"Barua saba, Salama," akasema. "Na sikutoka nje hata siku moja nikaitazama hiyo njia."

Kesho yake asubuhi akaturuhusu. Saidy alikuja kunichukua na Zaidi mgongoni, na mama mkubwa akatangulia na mtoto mikononi, hatua themanini, akisimama kwa kila aliyetaka kufunua kanga amtazame.