Mashine ya Papa Gradi

Kwanza tusidanganyane: mashine yenyewe haikuwa na kosa. Ilikuwa nyeupe, imekaa kimya jikoni kati ya sinki na friji, na mlango wake ulifunguka kwa kushuka chini. Mwenye kosa alikuwa Deborah. Mama Émerance angelisema hilo mbele ya padri, mbele ya jaji, mbele ya yeyote anayetaka kusikia, na asiyetaka pia.

Deborah ni binti yake wa mwisho. Alipomzaa Gradi, miezi miwili iliyopita, Mama Émerance alifunga nyumba yake ya Kamalondo, ile aliyoachiwa na marehemu mumewe, mtu wa reli, akaja huku mtaa wa Golf kumwangalia mzazi na mtoto. Alisema atakaa mpaka siku ya ubatizo. Yeye ndiye aliyemwogesha Gradi maji yake ya kwanza nyumbani, yeye ndiye aliyejua namna ya kumbeba ili acheue bila kulia. Kumwona mtoto huyo akimwagiwa maji ya padri kichwani, na yeye amesimama hapo karibu, ndilo jambo alilolitaka. Hakutaka kingine.

Lakini ndani ya nyumba hiyo alikuwamo pia mkwe wake, Paulin, mfanyabiashara wa Butembo, kule Kivu, mwenye malori yanayoleta unga kutoka Mokambo. Na kwa kina Mama Émerance, watu wa Kabalo, mama mkwe na mkwe wa kiume, muko wake, hawachezi. Hawali meza moja. Hawapeani mkono. Hawaiti jina. Chombo alicholia mmoja, mwingine hagusi. Si chuki hiyo, ni heshima, ile waiitayo buko, na heshima ya namna hiyo ni nzito kuibeba chini ya paa moja. Hata hivyo walikuwa wameibeba vizuri. Paulin alikohoa kabla ya kuingia sebuleni, na Mama Émerance akapitia mlango wa jikoni. Sahani za Paulin aliziosha Sephora, msichana wa kazi. Sahani ya Mama Émerance, kikombe chake na kijiko chake, aliviosha mwenyewe nje, katika beseni dogo.

Sephora akaenda kwao Kasenga kuolewa, hakurudi. Siku ya nne ikaja mashine ya kuosha vyombo, ndani ya katoni, imebebwa na wanaume wawili.

Jumapili, baada ya misa, Deborah akamwita mama yake jikoni.

"Maman, kuya uone. Iko simple. Kesho mi naanza tena kazi ku banque, basi weye njo utaitumikisha."

"Mi?"

"Weye. Nani mwingine?"

Mama Émerance alimpakata Gradi, akasogea. Deborah akavuta kapu la chini, akavuta la juu, akazungusha kwa kidole ule mkono wa plastiki unaorusha maji, akaonyesha kitufe cha kuwashia. Alisema upesiupesi, nusu Kifaransa, kama mtu anayesoma karatasi aliyoisoma mara nyingi.

"Hapana kusafisha kwanza. Unatosha tu bukari yenye kubakia, unaweka."

"Sahani iko na bukari yenye kukauka, unaifungia mu kabati?"

"Haiko kabati, Maman!"

"Iko na mulango, iko na giza. Iko kabati."

Deborah alipumua kwa nguvu. Akachukua kutoka sinki sahani ya Paulin ya jana jioni, ile kubwa ya ukingo wa buluu, mifupa ya samaki na bukari, ugali wa huku, bado vimeganda pembeni. Akaitikisa juu ya pipa la taka, akaisimamisha kwenye kapu. Kisha, bila hata kugeuka, akanyoosha mkono dirishani, akachukua sahani ya mama yake yenye uji wa asubuhi, akaisimamisha nyuma ya ile ya Paulin, tumbo kwa mgongo. Kijiko cha mmoja na kijiko cha mwingine akavitumbukiza tundu moja, vikagusana midomo.

Mama Émerance alimhamishia Gradi mkono wa kushoto, akainama, akaitoa sahani yake.

Deborah akairudisha.

Mama Émerance akaitoa.

"Maman, juu ya nini?"

"Weye njo uko unaniuliza juu ya nini? Weye, Deborah?"

"Iko machine! Iko na maji ya moto ya soixante-dix degrés! Inaua microbes yote!"

"Microbes!" Sasa alipaza sauti, na Gradi akashtuka begani. "Nani amesema microbes? Mi nimekuambia bwana yako iko na microbes? Mi niko nasema juu ya buko! Sahani ya muko na sahani yangu mu maji moja, zinapigana mu giza, na mi mwenyewe njo nafunga mulango! Nimekulea wapi, mi? Mu gari la moshi? Haukuona namna nkambo yako, mama yangu mi, alikuwa anaishi na papa yako?"

"Nkambo alikuwa anaishi ku Kabalo! Shiye tuko huku!"

"Buko haiko ku Kabalo. Iko mu damu."

Hapo Deborah alicheka, kicheko kibaya, kifupi. Akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Sema tu ukweli, Maman. Haiko buko. Ku mariage yangu tonton Donat alisema mbele ya bantu: mutu ya Kivu, hatujue kwabo banakula namna gani. Bote bakacheka. Weye ulikuwa pembeni yake. Ulinyamaza. Mi nilikuangalia, ulinyamaza."

Neno hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Alinyamaza siku ile. Donat, mjomba wa Deborah, alikuwa amekunywa, watu walikuwa wengi, kulikuwa na keki ya kukatwa, akaona aache ipite. Haikupita, kumbe. Binti alikuwa ameiweka miaka mitatu, na leo ameitoa ikiwa bado ya moto. Mtu akiambiwa uongo hukasirika, lakini akiambiwa kweli katikati ya ugomvi ambao haki ilikuwa yake, hapo ndipo anaweza kupasuka.

"Usinipeleke ku mariage. Niko mu hii cuisine, na hii sahani."

"Basi sikia. Kama hautaki, haiko shida. Masika, dada ya Paulin, tangu mutoto anazaliwa analomba kukuya. Namupigia telefone leo. Yeye hatachagua masahani."

Mama Émerance alimwangalia binti yake kutoka utosini hadi unyayoni. Masika. Mwingine ambebe Gradi, mwingine asimame kanisani naye, kwa sababu ya sahani.

"Mwite," alisema. "Mwite leo. Kesho asubui niko Kamalondo."

Wakati huohuo walisikia lango linafungwa, kisha kikohozi barazani. Paulin alikuwa amerudi kutoka kupokea lori lake. Mama Émerance hakumaliza alilotaka kusema. Mila ni mila hata ukiwa unawaka moto. Aliacha sahani mezani, akaingia stoo ya jikoni na mtoto, kati ya magunia ya unga na katoni za sabuni, akaurudishia mlango.

"Sauti zenu zinafika mpaka barabarani," Paulin alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha Butembo, pole, kila neno limekaa mahali pake. "Kuna nini?"

"Maman anakatala machine yako."

"Anakataa namna gani?"

"Anakatala kuitumikisha! Nimemuonyesha, anatosha sahani, naweka, anatosha."

Paulin akauliza, taratibu sana, "Ulimwambia Maman aitumie yeye?"

"Sasa nani?"

"Deborah. Siku nilipoileta nilikuambia nini? Nilisema Sephora ameenda, na Maman ni mtu wa kazi, ataona sahani zangu ziko kwenye sinki, hatavumilia, ataziosha. Mama mkwe anioshee sahani niliyolia? Mimi nitaweka uso wangu wapi? Ndiyo maana niliinunua. Ili asiguse. Ilikuwa ya wewe na mimi."

Ndani ya stoo Mama Émerance aliketi juu ya gunia. Mtu wa Kivu alijua. Mtu ambaye Donat alimcheka mbele ya watu, na yeye mama mkwe akanyamaza, ndiye aliyejua. Na huyu aliyetoka tumboni mwake, aliyenyonya maziwa yake, ndiye anayezungumza habari za microbes. Aliona haya, na haya ile ikamwongezea hasira. Alitaka kutoka amzabe Deborah kofi kama wakati alipokuwa na miaka tisa.

Lakini Deborah alimtangulia kwa sauti.

"Ya weye na miye? Weye uliigusa siku gani? Hata kuifungua haujue! Heshima yenu! Weye unamuheshimu Maman, Maman anakuheshimu, aksanti sana, na mikono yenye kufanya hiyo heshima iko yangu! Sahani ya huyu mbali, ya huyu mbali, huyu anapita huku, huyu anapita kule, mutoto analia, kesho banque! Buko iko yenu, mi njo niko mu maji!"

Akalia. Alilia kwa hasira, akipiga meza kwa kiganja. Na Mama Émerance, aliyekuwa ameshajiandalia maneno makali, hakuyaona tena. Hiyo nayo ilikuwa kweli. Kweli mbili mchana mmoja, jamani, ni nyingi.

"Basi unionyeshe mimi," Paulin alisema.

"Mi nimechoka kuonyesha! Uliza Maman. Amesikia yote, iko mu stoo."

Deborah alijua kabisa kwamba Paulin hawezi kumuuliza. Wote watatu walijua. Hatua za Paulin zikaenda kwenye mashine. Kisha kapu likavutwa kwa nguvu mno, vyombo vikagongana, kikafuata kishindo cha sufuria. Ile sufuria ya bukari ilikuwa imewekwa chali. Mama Émerance alijua kwa sauti yake. Alivumilia kidogo. Akashindwa.

"Gradi!" alifoka, uso kwa uso na mtoto. "Ambia papa yako sufuria inalala kifudifudi! Akiiweka vile itabakia na maji yake machafu!"

Sufuria ikageuzwa.

"Gradi," sauti ya Paulin ilijibu, nyuma ya mlango, "mwambie Nkambo nimegeuza. Mwambie pia nauliza. Hizi sahani tutaziosha mara mbili, mbalimbali. Zangu zianze, ama yake?"

Mama Émerance alikaza midomo. Bado alikuwa na hasira, ila haikujua tena imwendee nani.

"Ambia papa yako, nani mukubwa mu hii nyumba?"

Alisikia vyombo vinatolewa, kimoja kimoja, polepole safari hii, vinarudishwa sinkini. Kisha ndani ikawekwa ile sahani ya mezani, na kijiko chake.

"Machine muzima juu ya sahani moja?" Deborah alisema, pua imejaa machozi. "Saa mbili za courant, umeme bure?"

"Ya mama yako," Paulin alisema, akafunga mlango wa mashine.

Ikawaka. Maji yakaanza kupiga ndani. Paulin akakohoa, akatoka zake barazani, na Deborah akafungua mlango wa stoo. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimwangalia mama yake juu ya gunia, na mtoto aliyelala katikati ya kelele zote hizo.

"Maman, kesho utaenda?"

Mama Émerance alinyoosha mkono, akatwaa pakiti ya vidonge vya sabuni ya mashine kwenye rafu, bado imefungwa na plastiki yake ya dukani, akampiga nayo Deborah kifuani.

"Niende wapi? Bwana yako ameiwasha bila sabuni, na weye ulisimama pale unamuangalia! Nikienda, nani atabafundisha?"