Mrithi wa Kaisari Akataa Kufa

Istahil alikuwa mkalimani wa hospitali. Kutwa alibeba maneno ya watu wengine, ayatoe kwenye mdomo huu ayatie kwenye sikio lile, hata mwaka ule wa 2006 akaona naye aandike yake. Akatunga mchezo wa kuigiza kwa Kiswahili, kurasa thelathini na moja, juu ya kisa cha kweli cha mtoto wa kaisari wa nchi fulani ya milimani. Baba alishindwa vitani. Mtoto, akiwa na miaka saba, akachukuliwa na askari wa Kiingereza, akaletwa huku Uingereza kwenye baridi. Alipofika miaka kumi na minane kifua kikamuua, asiione tena nchi yake. Istahil aliandika huku analia, na nia yake ilikuwa watu wa Birmingham nao walie.

Kazi ikawa kumpata huyo mtoto. Vijana wa jumuiya yao ya watu waliotoka Afrika Mashariki walikisikia Kiswahili vizuri lakini walijibu kwa Kiingereza. Mtu mmoja tu alikuwa ameyameza maneno yote kwa wiki moja. Huyo ni Hasmukh, mwenye duka la vitambaa pale Kings Heath, mzaliwa wa Mombasa, miaka hamsini na tisa, kitambi cha heshima na masharubu meupe.

"Mzee Hasmukh," Istahil alimwambia kwa upole, "mwanamfalme ana miaka saba."

"Nitapiga magoti," akasema Hasmukh.

Akapiga kweli. Mkewe, Seema, akamshonea sponji ndani ya suruali, na sehemu yote ya kwanza mrithi wa kaisari akawa anatembea kwa magoti kama bata. Masharubu alikataa kuyanyoa. Alisema watoto wa wafalme hukua haraka.

Daktari wa mwanamfalme alikuwa Balwinder, fundi bomba, Singasinga wa Nakuru, mtu mkweli asiyejua kubuni hata udhuru wa kuchelewa. Yeye ndiye aliyepewa hotuba ya maziko mwishoni. Alikuwa ameifanyia mazoezi ndani ya gari lake miezi miwili.

Jumamosi ya mchezo ukumbi ulijaa. Walianza saa tisa alasiri, na kumi na moja kamili walitakiwa wawe wametoka, maana baada yao kulikuwa na darasa la dansi la wazee. Kwa hesabu ya Istahil, mwanamfalme angekufa saa kumi na robo.

Akafa, tena kwa wakati. Alikohoa vizuri, akaomba afunikwe na bendera ya babake, akalegeza shingo. Balwinder akamshika mkono, akainamisha kilemba chake, akasema, "Ametutoka." Huko nyuma mama mmoja akapenga kamasi. Istahil, nyuma ya pazia, akafumba macho kwa raha.

"Daktari," ikasema sauti kutoka kitandani, "nahisi nafuu kidogo."

Istahil akafungua karatasi zake kutafuta maneno hayo yako ukurasa gani.

"Mwanamfalme," Balwinder akasema baada ya kufikiri sana, "umeshakufa."

"Hasha. Ulikuwa usingizi tu."

Watu wakacheka, na kicheko kile kikamtia Hasmukh uhai mpya. Akaketi, akajipangia mito mgongoni, akaagiza mahamri na mbaazi.

"Mtoto wa milimani, mbaazi kazijulia wapi?" Istahil akanong'ona peke yake.

Mrithi akaendelea kuwasimulia watu utoto wake. Alivyopanda mipera ya jirani, alivyocheza kriketi Makadara, kule Mombasa, akavunja dirisha la mwalimu, alivyofundishwa matusi na muuza kahawa. Bibi mmoja mstari wa tatu akamuuliza alikuwa mtoto wa nani pale mtaani, naye akamjibu. Saa kumi na nusu marehemu alikuwa ameshapona kabisa na anakusudia kufungua duka.

Balwinder akajitahidi. Akamletea kikombe. "Meza dawa hii, mwanamfalme. Ni kali sana."

"Onja wewe kwanza."

Kabla hajafikiri, Balwinder akaonja. Kisha akabaki amesimama na kikombe mkononi, hajui kama sasa ilimpasa kuanguka.

Wachezaji dansi walikuwa wameanza kujipanga mlangoni, viatu vyao ndani ya mifuko. Istahil akachungulia pazia akamfanyia ishara Seema, aliyekuwa mstari wa mbele. Seema akatikisa kichwa. "Miaka thelathini na minne namwambia anyamaze," akasema, na wala hakushusha sauti.

Ikabidi Istahil atoke mwenyewe, na jukwaa alikuwa akiliogopa kuliko sindano. Alitoka amepania kumfokea. Lakini alipofika kitandani akaona poda imechuruzika kwa jasho na macho ya mzee yamejaa maji. Hayakuwa maringo yale. Aliogopa kumaliza. Hasmukh alitoka Mombasa mwaka 1968, na aliwahi kumwambia Istahil kwamba hajarudi hata siku moja. Kwanza karatasi zilimkwamisha, kisha duka, mwisho kuona haya.

Istahil akakunja kurasa zake thelathini na moja akaziweka sakafuni.

"Mwanamfalme," akasema, "nimetumwa na watu wa kwenu. Wanauliza mbona hurudi."

Hasmukh akanyamaza. Mara ya kwanza tangu saa tisa.

"Wanikumbuka?"

"Wanakukumbuka. Nyumba imefagiliwa."

Akashuka kitandani polepole. "Kweli, binti yangu?" akauliza kwa sauti ndogo, si ya jukwaani.

"Twende."

Akamshika mkono, wakapita katikati ya watu mpaka mlangoni, wazee wa dansi wakawapisha. Nyuma yao watu walikuwa wakilia kama Istahil alivyotaka, ila waliyemlilia alikuwa mzima na amevaa soksi za zambarau.

Balwinder akabaki na kitanda kitupu. Miezi miwili ya mazoezi haikuwa ya kutupa. Akaufunika mto kwa bendera, akauzika kwa hotuba nzima, na wote wakakubali kwamba alisema vizuri.

Nje, kwenye ngazi, Hasmukh aliuliza, "Yule wa kweli alirudi kwao?"

"Hapana. Kaburi lake liko huku."

"Basi leo tumemkosea au tumemtendea wema?"

"Sijui, Mzee Hasmukh," akasema Istahil, na kweli hakujua.

Seema akaja na koti, akamvalisha mumewe, akamfunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. Pasipoti, akasema, bado ina miaka mitatu, ameiangalia asubuhi.

Walikwenda Mombasa Disemba. Hasmukh alirudi ameungua pua na jua, na kwa wiki nzima hakusema mengi dukani. Istahil alipokwenda kununua kitambaa cha pazia, alimwambia tu kwamba nyumba yao sasa ni duka la kutengeneza simu, na kwamba mwenye duka alimpa kiti akakaa pale alipokuwa akilala mamake, akanywa chai vikombe viwili.