Maji ya Mfereji Yasiyochemshwa

Danford, dresa na mfunga vidonda wa zahanati ya Ikinga, alikuwa na somo moja tu maishani: maji yachemshwe. Alilikariri kama kasuku, na zaidi ya hapo hapakuwa na kitu chini ya ile kofia yake ya kaki.

Mwaka 1953 kuhara damu kulipoingia Ileje, aligawa vidonge vya salfa, watoto wakaendelea kuhara. Vijidudu vilikuwa vimeshavizoea vidonge. Ndipo akaja Mzungu kijana, msomi anayetafuta shahada ya udaktari, ule wa vitabu, si wa kutibu. Alitafuta virusi vinavyovila vijidudu vyenyewe. Huishi penye uchafu, alisema. Akamwagiza Danford maji ya mfereji ulio chini ya vyoo.

Siku tisa Danford alileta maji. Siku tisa msomi alichungulia visahani vyake vya kuoteshea vijidudu asione kitu, wala asiulize kitu.

Tupokigwe ndiye aliyeosha vichupa, mwanawe Jairo mgongoni, mwepesi kama ganda la hindi. Mtoto alikuwa anahara damu siku ya sita. Asubuhi ya siku ya kumi Tupokigwe akamkuta Danford jikoni, sufuria inatokota.

"Bwana dresa, unapika nini?"

"Maji ya Bwana. Nimpelekee machafu, nifukuzwe kazi?"

"Si ametaka uchafu? Ukichemsha, unaviua anavyovitafuta."

"Ala! Daktari wa masomo ya jioni!" Danford alicheka mpaka kofia ikamwanguka. "Juzi tu umejua a-e-i-o-u, leo unaifundisha Serikali! Kaoshe chupa, mama."

Mtu hagombani na sufuria, Tupokigwe alijiambia. Alishuka mferejini, akajaza chupa, akampelekea Mzungu. "Haya hayajachemshwa."

Mzungu akamgeukia dresa. "Na yale mengine?"

"Yote nimechemsha, Bwana," Danford alisema, kifua mbele. "Mara mbili!"

Kesho yake, vijidudu vilivyotoka kwenye kinyesi cha Jairo, vilivyotiwa maji yale, vilitanda kisahanini kama utando wa maziwa, na utando ule umejaa matundu. Kitu kilikuwa kikivila. Mzungu aliruka kama mtoto, akakimbilia daftari.

"Mpe mwanangu," alisema Tupokigwe.

"Bado ni utafiti. Lazima kwanza niandike..."

"Andika huku unampa. Akifa, utawaandikia nini wenzako? Kwamba matundu yalikuwa mazuri?"

Msomi aliona haya. Siku mbili alivizalisha vile virusi, akavichuja mara kadhaa, mwishowe akatia dawa kwenye kichupa, akamkabidhi dresa amnyweshe mtoto. Akarudi kwenye daftari lake.

Danford akakishika kichupa kwa mikono miwili, akaelekea jikoni.

"Unakwenda wapi?" Tupokigwe akamzibia mlango.

"Kuchemsha. Mtoto mgonjwa huyu!"

Alimpokonya kichupa, akamsukumia jikoni, akaufunga mlango. Akakaa chini palepale mlangoni, akamnywesha Jairo kijiko kwa kijiko, mgongo wake umeegemea mlango wa jiko, dresa akigonga kutoka ndani.

Siku ya tatu damu ilikatika, Jairo akalilia uji. Tupokigwe akamwekea Danford unga mezani.

"Haya, Bwana dresa. Huu sasa chemsha."