Mchuzi wa Meja

Kitunguu kilipogusa mafuta ya moto, Meja hakuja.

Kaluki alishika mwiko akangoja. Siku zote mlio ule peke yake ulitosha. Hata mbwa akiwa amelala mwisho wa ua, nyuma ya tangi la maji, angejikokota akainuka, kucha zake zikagonga saruji ya baraza, na kabla kitunguu hakijaanza kugeuka rangi pua yake nyeusi ingekuwa imekwisha kujibandika kwenye wavu wa mlango wa jikoni. Leo wavu ulibaki mtupu. Upande wa pili palikuwa na jua tu na kamba ya nguo.

Alipunguza moto, akatoka. Meja alikuwa amejilaza kivulini, kidevu juu ya miguu ya mbele. Alimtazama Kaluki kwa macho ya mtu anayeomba radhi, akapiga mkia chini mara moja, basi.

"Nini, mzee?" Kaluki alichutama. "Hata mchuzi hutaki?"

Meja alikuwa mbwa wa marehemu Mungai, mwenye nyumba. Mungai ndiye aliyemleta katika mtaa huu wa Muthangari akiwa mdogo wa kutosha kulala ndani ya kofia, akampa cheo badala ya jina, na kumfundisha kupokea gazeti mlangoni. Mzee alipofariki, mbwa alikaa wiki nzima akiliangalia lango. Tangu hapo nyumba ile kubwa ilibaki na watu watatu: Mwalimu Waringa, mjane, aliyestaafu baada ya kufundisha maisha yake yote, Kaluki, aliyempikia na kuishi kwenye chumba cha nyuma, na Sifuna, bawabu. Ukimuuliza Mwalimu angesema ni wanne. Meja alihesabiwa.

Zamani Meja alikula kama mbwa wote wa mtaa: ugali na omena, wale dagaa wa ziwani, au makombo ya nyama. Kisha Mwalimu akasoma gazetini kwamba mbwa mzee anahitaji lishe ya kisasa, na wanawake wenzake wa kanisani nao wakawa hawana mazungumzo mengine baada ya ibada ila mbwa wa nani anakula nini. Gunia la biskuti za mbwa likaingia stoo. Rafu ya juu ya baraza ikajaa makopo: mafuta ya samaki ya manyoya, unga wa magoti, vidonge vya moyo, unga wa kufukuza viroboto. Kila asubuhi baada ya chai Mwalimu alivaa miwani, akapima kijiko kwa kijiko kama mtu anayechanganya dawa ya mtoto, na kumsemesha Meja kwa Kikuyu taratibu. Kaluki alipenda kumtazama saa ile. Ni huzuni ya mjane ile, aliwaza, imepata kazi ya kufanya.

"Kuanzia leo jikoni mwako hamtoki kitu cha Meja," Mwalimu alikuwa amemwambia. "Biskuti na virutubisho, basi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mwalimu."

Lakini Meja alizigomea biskuti. Alizinusa, akazisukuma kwa pua, akaja kulala mlangoni kwa Kaluki akisikiliza sufuria.

Kaluki alikuwa mtoto wa Makueni. Katika njaa ya mwaka wa themanini na nne alikuwa mkubwa wa kutosha kukumbuka. Walikula mahindi ya msaada yaliyochemshwa, manjano, bila chumvi, siku hadi siku, mpaka ulimi ukasahau kazi yake. Kisha jioni moja mama yake akarudi na kitunguu kimoja kwenye ncha ya leso. Akakikata vipande vyembamba kama karatasi, akakikaanga, na harufu ikatoka nje ya nyumba hadi kwa majirani, na majirani wakaja kusimama mlangoni. Hivyo ndivyo Kaluki alivyojua kwamba njaa imekwisha. Tangu siku ile hakuwahi kumwandalia kiumbe chochote chakula kisichopitia kitunguu. Chakula cha kuchemsha tupu, kwake, kilikuwa chakula cha adhabu.

Basi akawa anakaanga kitunguu na nyanya, anatia supu ya mifupa, na kuzimwagia biskuti za Meja Mwalimu akiwa amelala usingizi wa mchana. Bakuli likawa linabaki safi kama limeoshwa.

"Umeona?" Mwalimu alisema akifurahi. "Ni zile vitamini."

"Ndiyo, Mwalimu," Kaluki alijibu, naye akafurahi pia, kwa sababu yake mwenyewe.

Hayo yalianza wakati wa mvua za mwaka jana. Sasa Meja hakuinuka.

Mwalimu alipotoka na kumwona, uso wake ulizeeka papo hapo. Akampigia simu daktari wa mifugo. Daktari alikuwa mbali, angefika mchana. Mwalimu hakuwa mtu wa kukaa akingoja.

"Kaluki, kimbia mjini. Pale duka la wanyama, karibu na mtaa wa Biashara. Waambie wakupe dawa ya kuongeza damu."

Katika duka lile mbwa wote waliochorwa kwenye makopo walikuwa wanacheka. Muuzaji, kijana mwenye tai, alimsikiliza Kaluki kwa heshima kama vile mbwa ni wake.

"Na anakula nini, mama?"

Kaluki aliangalia vidole vyake. Hata baada ya sabuni vilikuwa na harufu ya asubuhi.

"Biskuti," alisema.

"Safi sana. Siku hizi mambo ya ugali na omena yamepitwa. Hii ni sayansi, mama." Akamfungia chupa nyekundu. "Mpe hii. Ataruka."

Kaluki alitoka akapita katikati ya wachuuzi wa soksi na vitana, chupa ikiwa kifuani. Neno lile moja, biskuti, lilimfuata hadi kituoni na kupanda gari pamoja naye.

Langoni Sifuna aliufungua mfuko wa dukani kwa jicho.

"Mama Syokau, hiyo nayo ni ya Meja? Aki, mimi nikiugua usinipeleke hospitali. Mwambie Mwalimu mimi ni mbwa."

"Sifuna, leo hapana."

Bawabu aliacha kucheka. "Daktari yuko nyuma," alisema kwa sauti ya chini. "Amepiga magoti muda mrefu. Hiyo si nzuri."

Daktari Wachira alikuwa mtu mnene, mpole, ambaye Mwalimu alimfundisha kusoma akiwa darasa la pili, na mpaka leo alisimama wima akiongea naye. Sasa hakusimama. Aliinua mdomo wa Meja kwa kidole gumba. Fizi zilikuwa nyeupe kama maziwa yaliyozidishwa maji.

"Mkojo wake umekuwa rangi gani, Mwalimu?"

"Kama chai ya rangi. Nilidhani ni vidonge."

"Damu yake inavunjika mwilini. Haipungui tu, inavunjika. Nikimpa dawa ya kuongeza na kinachoivunja bado kinaingia, nitakuwa natia maji kwenye ndoo iliyotoboka. Lazima nijue." Alifikiri kidogo. "Kuna mahali amepata kitunguu? Jalalani, kwa jirani, popote?"

"Kitunguu?" Mwalimu karibu acheke. "Wachira, huyu mbwa anakula vizuri kuliko mimi. Biskuti na virutubisho, kila siku, kwa mkono wangu. Kitunguu hakijui."

Kaluki alikuwa amesimama kwenye ngazi ya jikoni, chupa nyekundu mkononi. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Nyuma yake, juu ya jiko lililozimwa, kitunguu cha asubuhi kilikuwa kimelala katika mafuta yaliyoganda. Alimfikiria Syokau, binti yake, aliyekuwa shule ya bweni huko Machakos kwa mshahara wa nyumba hii. Angeweza kurudi ndani, kufunika kikaango, kuacha kupika mchuzi kuanzia leo, na hakuna mtu angejua.

Ila daktari asingejua pia. Meja alipumua, akatoa sauti ndogo, kama mlango unaofungwa mbali.

"Ni mimi, daktari," Kaluki alisema.

Waligeuka wote wawili.

"Ninamkaangia mchuzi. Kitunguu na nyanya na supu ya mifupa. Hata leo nilikaanga. Biskuti alikuwa anazikataa, Mwalimu. Kila siku nilimwagia."

"Kila siku?" Sauti ya Mwalimu ilikuwa ndogo. "Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana."

"Na mimi nikisimama kanisani nikiwaambia watu ni vitamini..." Mwalimu aliuweka mkono wake juu ya kichwa cha mbwa. "Nilikukataza, Kaluki. Kwa mdomo wangu. Kwa nini?"

Kaluki alitafuta jibu la kumtosha mtu aliyesoma, akalikosa, akatoa lile alilokuwa nalo.

"Sikuweza kumpa kikavu na mimi nanusa changu kikiiva."

"Nenda ndani," Mwalimu alisema.

Kaluki alienda. Aliosha kikaango, akakisugua kwa majivu mpaka kikang'aa, kisha akakisugua tena. Kupitia wavu alimsikia daktari akining'iniza mfuko wa maji ya mshipani kwenye kamba ya nguo, akiuliza hiki na kile. Alisikia makopo yakiteremshwa kutoka kwenye rafu, moja moja.

"Sasa nimejua, naweza kupigana," daktari alikuwa akisema. "Asingesema, leo ningemwandikia dawa zisizo zake. Lakini mzee wetu ni mzee, siwaahidi kitu. Mwili usiposhambuliwa tena utajijenga wenyewe, kama una nguvu." Kopo moja lilitikiswa. "Mwalimu, hii ni ya nani?"

"Yangu. Ya viroboto. Wenzangu wote wanatumia."

"Ni unga wa kitunguu saumu, karibu wote. Hapa, maandishi madogo. Wanauza sana siku hizi, wanasema unafukuza wadudu. Pengine peke yake usingemwumiza. Lakini juu ya ule mchuzi..." Kopo likawekwa chini. "Hivi vitunguu vyote ni ukoo mmoja, Mwalimu."

Kaluki aliacha kusugua. Baadaye gari la daktari liliondoka, na lango likafungwa, na Sifuna hakupiga mluzi kama kawaida yake.

Mlango wa wavu ulifunguka. Katika miaka yote ile Mwalimu hakuwahi kukaa jikoni. Aliingia kutoa maagizo, akatoka. Sasa alivuta kigoda cha Kaluki, kile kifupi cha kuchambulia mboga za sukuma, akaketi, magoti yake yakiwa karibu na kidevu. Aliweka kopo la viroboto juu ya meza.

"Mungai angetucheka," alisema hatimaye. "Angesema, wanawake wawili wazima, mmoja anamwua kwa kijiko, mwingine kwa mwiko."

Kaluki hakujua kama anaruhusiwa kutabasamu. "Na wote wanampenda," alisema.

"Na wote wanampenda." Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta, akaifuta tena ingawa ilikuwa safi. "Daktari amesema wali laini, nyama ya kuchemsha, karoti. Bila chumvi. Bila chochote." Aliinuka kwa kushika meza. "Meja amekataa kula mkononi mwangu. Nimejaribu. Mpikie wewe."

Alikuwa amefika mlangoni aliposimama.

"Na Syokau anafunga shule lini?"

"Agosti, Mwalimu."

"Aje hapa. Meja anamjua."

Kaluki alipika. Nyama ilichemka ndani ya maji meupe, karoti zikalainika, wali ukavimba, na jikoni kote hakukuwa na harufu ila ile ya zamani, harufu tupu ya mvuke na sufuria, ya watoto waliokaa kimya wakitazama moto. Mara mbili mkono wake ulienda wenyewe kwenye kikapu cha vitunguu. Mara ya pili alikibeba kikapu chote akampelekea Sifuna langoni.

"Vyote?" Sifuna alishangaa. "Na wewe utakula nini?"

"Anachokula yeye. Mpaka atoke pale."

"Mama Syokau, mbwa hajui kama unafunga kwa ajili yake."

"Mimi najua."

Jua lilikuwa likishuka upande wa Kangemi alipotoka na mabakuli mawili. Alikaa chini kwenye saruji kando ya Meja, chini ya mfuko wa maji ulioning'inia kati ya shuka mbili zilizoanikwa, akaweka bakuli moja mbele ya pua yake na jingine mapajani mwake. Kwanza akaonja yeye, ili mbwa amwone. Chakula kilikuwa na ladha ya mwaka ule wa njaa. Akameza. Akachukua kijiko cha pili.

"Ni kibaya," alimwambia Meja. "Sikudanganyi tena. Lakini kula."

Mlango wa wavu ulilia nyuma yake. Mwalimu Waringa alikuwa amesimama kwenye ngazi katika sweta la marehemu mumewe, na mkononi alikuwa na sahani tupu na kijiko.

Kaluki alisogea kumpa nafasi. Mama mzee alishuka polepole, akaketi. Kaluki alimpakulia kutoka bakuli lake, na kijiko kilipogonga sahani, mlio mdogo tu, sikio moja la Meja liliinuka.